Picha Tumeleta, Majina Tumeyaacha Yahuma

Picha yangu ni ya saba kutoka mlangoni, ukuta wa kushoto, katika ukumbi ambao wengi wenu mmepita tangu maonyesho ya picha za safari ya msituni yafunguliwe. Ni shina la mti mkubwa. Mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta za nyumba, mwanga umeangukia upande mmoja, na nyuma kuna ukungu wa asubuhi. Niliingoja picha hiyo karibu saa nzima, na wenzangu wameisifu kuliko nyingine zote nilizoleta. Chini yake nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Mti mkubwa, Yahuma."

Asubuhi moja kabla ya vipindi kuanza nilimkuta mlinzi wetu wa lango amesimama mbele yake. Ni mzee ambaye kwao ni huko huko Yahuma. Nilifurahi, nikadhani nimepata mtu wa kuipenda picha zaidi ya wote.

"Papa, mti huu unaujua?"

"Mwanangu, lazima una jina. Ganda lake likikatwa linatoa maji gani? Meupe au mekundu? Linanuka nini? Chini ulikuta matunda?"

Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa nimeuzunguka mti ule kwa saa nzima nikitafuta pembe nzuri, wala sikuinama kuokota jani.

"Basi na mimi nitakuambiaje? Umeniletea mguu, unataka niseme ni wa nani."

Tangu siku hiyo nimepita mbele ya picha zote za ukumbi ule, moja baada ya nyingine, nikisoma maandishi ya chini yake. "Ndege wa buluu." "Uyoga." "Utulivu wa msitu." "Chakula cha wenyeji." Hakuna hata moja yenye jina la kitu katika lugha ya watu waliotupitisha humo. Hapa ni kitivo cha lugha. Wanafunzi wa kilimo wakileta picha za namna hii tutawasamehe; sisi nani atatusamehe?

Sisemi tuache kutembea msituni na kamera. Kinyume chake, naona safari ya namna ile, shanta mgongoni, bila haraka, ni shule ya isimu kuliko vyumba vingi tunavyokaa. Mtu anapanda boti Kisangani, anashuka na mto, anapita Yangambi upande wa kulia, anafika Isangi pale Lomami inapoingia katika mto Kongo. Kuanzia hapo ni pikipiki hadi njia inapokataa, kisha ni miguu. Kamera imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki yenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Betri zinahesabiwa kama risasi, maana umeme wa kuchajia ni wa paneli ya jua ya mtu, kwa malipo. Ndani ya msitu mnene mwanga unaofika chini ni sehemu ndogo sana ya ule ulio juu ya majani, kwa hiyo kamera inataka muda: unaegemea mti, unashika pumzi, unapiga, inatoka na ukungu, unapiga tena. Asubuhi ukiitoa kwenye mfuko kioo chake kinalia jasho, na huna la kufanya ila kusubiri.

Kusubiri huko ndiko kunakonirudia kila siku. Mpiga picha husimama mara nyingi kuliko msafiri mwingine yeyote, na kila anaposimama, anayemwongoza naye husimama, na akisimama huongea. Yule bwana aliyetuongoza, mwindaji wa miaka mingi, alikuwa akitaja vitu kwa kidole na kwa mdomo: hiki wanakula nguruwe, hiki kinafungia mzigo, hapa alilala mnyama jana. Nami nilikuwa nikirekebisha kamera. Nilikuwa na kinasa sauti katika simu yangu mwendo wote. Nilikiwasha mara mbili tu, na mara zote mbili kunasa mvua.

Kuna watakaosema kwamba jina linaweza kusubiri: leta picha mjini, tafuta msemaji wa lugha, mwonyeshe, andika. Ndivyo wengi wetu tunavyopanga kazi za mwisho wa mwaka, orodha ya maneno mia mbili na picha zake nyuma. Nilikuwa nafikiri hivyo hivyo hadi mzee wa lango aliponiuliza habari ya ganda. Watu wa msituni hawaujui mti kwa sura yake ya mbali. Wanaujua kwa mkato wa panga, kwa utomvu, kwa harufu, kwa majani yaliyokauka chini yake, maana majani mabichi yako juu mita thelathini au arobaini, nani anayaona? Ndege wanamjua kwa sauti kabla ya rangi. Picha inachukua kile kimoja ambacho wao wanakitumia kidogo zaidi, na kuacha mengine yote. Inaua hata ukubwa: kinyonga wa urefu wa kidole na kinyonga wa urefu wa mkono wako sawa ndani ya fremu.

Na hata msemaji akijibu, amejibu nini? Wenzangu wa mwaka wa pili wanaukumbuka mfano wa Quine wa mwaka 1960, mwenyeji anayetamka neno wakati sungura anapita, na mgeni asiyejua kama neno hilo ni la sungura, la mbio zake, au la sehemu fulani ya mwili wake. Katika lugha za Kibantu swali hilo si la wanafalsafa peke yao. Liko katika ngeli. Kwa Kiswahili mwembe ni mti na embe ni tunda. Mnazi na nazi. Mchungwa na chungwa. Onyesha picha ya mti uliobeba matunda, upewe neno, ukaliandike "mti", kumbe umepewa tunda. Au umepewa kiwavi anayeliwa ambaye hukaa kwenye majani yake, kwa sababu kwa aliyejibu, mti ule thamani yake ni kiwavi huyo. Dawa ya kosa hili ni rahisi na inapatikana pale pale kwenye mti: uliza miwili, uliza mingi, uliza "huu" na "ule", uliza tunda lake linaitwaje. Dakika tatu. Mjini, mbele ya karatasi, dawa hiyo haifanyi kazi vizuri, kwa sababu ukimwambia mtu "miwili" wakati picha ina mmoja, anakutazama wewe.

Lipo jambo jingine ambalo kila mtu wa Kisangani analijua bila kusomea. Nenda soko lolote la mji huu uulize nyama ile ya msituni iliyokaushwa ni ya mnyama gani, utaambiwa "makako". Kima wa kila aina, wa mkia mrefu na mfupi, mweusi na mwekundu, wote ni makako. Si kwamba muuzaji hajui tofauti. Anayo lugha ya nyumbani yenye majina ya hao wote, na anayo lugha ya kuongea na wewe. Kilingala na Kiswahili cha mjini ni lugha za kukutana, na watu wanapokutana hupunguza. Sisi tukienda Yahuma na Kilingala chetu tunapewa jibu la sokoni, tunaliandika kwenye daftari, na tunarudi tukisema lugha ile ina maneno machache ya wanyama.

Sasa tazameni jambo lililotokea katika mkoa wetu huu huu wa Tshopo. Mwaka 2007, katika mji mdogo wa Opala, watafiti waliokuwa wakichunguza misitu ya mto Lomami walimkuta kima mchanga wa kike amefugwa katika nyumba ya mkuu wa shule ya msingi. Walimpiga picha. Hakuwa katika kitabu chochote. Walipouliza, waliambiwa bila kusita kwamba ni lesula. Wawindaji wa huko walikuwa wakimjua siku zote. Ilichukua miaka mitano ya kukusanya ushahidi, na mwezi Septemba 2012 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Cercopithecus lomamiensis. Lakini leo ukifungua gazeti la Kiingereza au la Kijapani, anaitwa lesula. Picha ile ya Opala na neno lile la Opala vilisafiri pamoja, na vikafika pamoja. Hebu fikirini kama waliompiga picha wangerudi na maandishi kama yangu: "Kima mdogo, Opala."

Mfano wa kinyume ni wa tausi wa Kongo. Mwaka 1913, huko Avakubi upande wa Ituri, Mmarekani James Chapin alipata unyoya mmoja uliokuwa kwenye kofia ya mwenyeji, akakaa nao miaka zaidi ya ishirini bila kujua ni wa ndege gani. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa wamewekwa pembeni. Unyoya ulikuwa wao. Walikuwa humo kwa miaka, na hakuna aliyewatazama, kwa sababu kibao chao kilisema ni tausi wachanga wa Asia. Kibao tu. Ndege mzima alifichwa na maandishi mabaya kuliko msitu ulivyomficha. Na yule aliyeuvaa unyoya kwenye kofia yake je? Yeye alijua amemvua ndege gani.

Okapi naye ni hivyo. Neno lake lilitoka kwa watu wa misitu ya Ituri na kufika Ulaya mwaka 1901, pamoja na ngozi na mafuvu. Picha za kwanza za okapi akiwa huru msituni zilitangazwa mwaka 2008, kutoka kwa kamera za mtego zilizofichwa Virunga. Jina lilitangulia picha kwa miaka mia moja na saba. Nasi tulio na simu zenye kamera tatu nyuma tunafikiri kazi ni picha, jina ni pambo.

Wazee wa Kilokele, ambao kila boti la kwenda Isangi hupita mbele ya vijiji vyao, walikuwa wamelitatua tatizo hili zamani, kwa ngoma. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu na kuandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alieleza jinsi ngoma inavyobeba toni za neno tu, bila konsonanti wala irabu. Maneno mengi yana toni zile zile. Kwa ngoma, mwezi na kuku wanalia sawa. Basi mpiga ngoma hakuliacha neno peke yake. Aliliongezea kifungu kizima cha maneno, kirefu, kinachosema mwezi ni ule wa namna gani na kuku ni yule wa namna gani, hadi msikilizaji wa mbali asikosee. Picha ni kama ngoma kwa upande wa pili: ina sura bila sauti. Inahitaji kifungu chake.

Nitaambiwa, na nimekwisha ambiwa na mwalimu mmoja ninayemheshimu, kwamba sisi si wataalamu wa mimea. Kweli. Lakini tazameni waliokuwa wataalamu wa mimea walifanya nini. Pale Yangambi, ambapo boti letu lilipita bila kusimama, kuna hebariamu yenye vielelezo vya mimea vinavyokadiriwa kufika 150,000, vingi vya enzi ya kituo cha kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933. Wakusanyaji wa siku zile waliandika kwenye vibao vyao jina la mwenyeji pia, mara nyingi la Kiturumbu, lugha ya watu wa Yangambi, na majina hayo yakaingia katika juzuu za Flore du Congo Belge zilizoanza kutoka mwaka 1948. Yameandikwa kwa tahajia ya Kifaransa, toni hakuna, ngeli hazikuelezwa, na jina la aliyesema silioni. Tunaweza kuyakosoa kwa semina nzima. Ila yapo. Watu wa mimea waliandika majina. Watu wa lugha tumeandika "utulivu wa msitu".

Tena si kwamba sisi na wao hatujawahi kusafiri chombo kimoja. Mwaka 2010 msafara wa Boyekoli Ebale Congo, wenye watafiti zaidi ya sitini wa Kongo na wa Ubelgiji, ulishuka mto kati ya Kisangani na Bumba, na wanaisimu walikuwa ndani pamoja na watu wa samaki, wa panya na wa uyoga. Kwa hiyo si mgeni wa jana ninayewapigia debe hapa.

Wengine wanategemea programu za simu zinazotambua mmea kwa picha. Yahuma nilikokaa hakukuwa na mtandao wa kuitumia. Niliporudi mjini nikaijaribu kwa mti wangu wa saba, ikanipa majina matano ya Kilatini, mawili kati yake ya miti isiyoota Afrika. Hata ingepatia, bado. Mti ambao wauza mbao huuita limbali, na wataalamu Gilbertiodendron dewevrei, kwa watu wa Ituri ni mbau, na neno hilo ndilo wanalolitumia pia watafiti wanapotaja aina nzima ya msitu ambamo mti huo mmoja umetawala. Hapo jina la wenyeji linabeba jambo ambalo Kilatini hakilisemi.

Niongeze mahali ambapo naona kamera ibaki ndani ya shanta, maana nisije nikawa nawatuma watu kupiga kila kitu mradi wameuliza jina. Kwa Wambole na jirani zao zipo sehemu za msitu za mambo ya lilwa. Anayeongoza akisema tusipite hapa, hatupiti, wala hatuvuti picha kwa mbali kwa lenzi ndefu, na jina la mahali halitafutwi kwa ujanja. Dawa za watu vile vile. Na simu zetu huandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa, hadi mita chache. Afromozia imo katika orodha ya biashara inayodhibitiwa ya CITES tangu mwaka 1992, na bado inakatwa. Ukiweka picha ya mti mnene mtandaoni bila kufuta alama hiyo, umemchorea njia mtu mwenye msumeno. Kwa picha za maonyesho andika Yahuma, inatosha. Kipimo kamili kibaki kwenye daftari.

Halafu lipo suala la jina la pili, la mtu. Katika ukumbi ule, chini ya kila picha kuna jina la aliyeipiga, kwa herufi kubwa. Mwindaji aliyenisimamisha mbele ya mti ule, aliyenishikia shanta, aliyenionyesha wapi mwanga utaingia saa moja baadaye (ndiyo, yeye ndiye aliyejua), hayumo. Nilimlipa siku nne za kazi kama mbeba mzigo. Alifanya kazi ya mwalimu. Nikisema tuwaandike, watakaokubali kuandikwa, kama tunavyowaandika wasimamizi wa tasnifu zetu, sioni ninazidisha.

Ninachoomba kitivo kifanye si kikubwa. Orodha ya maneno yenye picha isipokelewe kama data mpaka kila picha ya kiumbe iwe na sauti yake: neno lililotamkwa mara tatu na msemaji mbele ya kitu chenyewe, umoja na wingi, ndani ya sentensi moja fupi, pamoja na jibu la swali "umejuaje kuwa ndiwo?" Swali hilo la mwisho ndilo litakalotupa mambo ya ganda na harufu, na huenda likawa na maneno mengi kuliko orodha nzima. Picha zenyewe ziwe kadhaa kwa mti mmoja: shina, mkato, jani juu ya kiganja, kilichoanguka chini. Ile nzuri ya ukungu pigeni pia, hakuna aliyekataza.

Najua gharama. Orodha ya maneno mia mbili kwa njia hii haimaliziki katika wiki moja ya ruhusa, na mwanafunzi analipia boti, pikipiki na chakula kutoka mfukoni. Basi iwe maneno arobaini. Arobaini yaliyosimama yananifaa mimi na anayekuja baada yangu kuliko mia mbili ya makako.

Maonyesho yanaendelea hadi mwisho wa mwezi. Nimeomba ruhusa ya kubadilisha maandishi ya picha ya saba. Nimefuta "Mti mkubwa" na kuacha mstari mtupu, chini yake nimeweka jina la aliyeniongoza, kwa ridhaa yake niliyoipata kwa simu ya mtu aliyekuwa akipita sokoni kwao. Mti wenyewe anaukumbuka. Alinitajia jina kwa simu ile, lakini sauti ilikuwa ikikatika na toni ya silabi ya pili sikuisikia vizuri, kwa hiyo sijaliandika. Nitarudi likizo kubwa. Anayetaka twende pamoja aje na daftari, kinasa sauti na mchele mkavu. Nafasi kwenye boti nimeulizia mbili.